Nishani ni ya Nani?

Nishani ya ndondi ni kitu kidogo. Huenea katika kiganja, na kiganja kikafumbwa juu yake. Mtu asiyejua habari zake akiikuta katika saraka ya mzee aliyefariki, pamoja na funguo zisizo na makufuli na miwani iliyovunjika kioo, huenda akaidhania sarafu ya nchi ya mbali. Utepe wake umepauka. Sura ya mabondia wawili iliyochorwa juu yake imelika kwa kuguswa. Akiipeleka kwa mfua fedha, mfua fedha ataipima katika mizani yake na kumtajia bei isiyotosha kununua kuku wa sikukuu. Hata nishani ya dhahabu ya Olimpiki ni dhahabu kwa nje tu. Mara ya mwisho kutolewa dhahabu tupu ilikuwa mwaka 1912. Tangu hapo mshindi huvikwa fedha iliyopakwa dhahabu, ambayo kwa kanuni haipungui gramu 6. Walakini watu wamelia kwa kuikosa nishani hiyo, na wengine, kama tutakavyoona, wamelia kwa kuipata.

Ni dhahiri kwamba kinachothaminiwa si madini. Nishani ni ushahidi. Inasema: mtu huyu, siku fulani, mahali fulani, alitenda jambo hili. Kitendo chenyewe kimekwisha zamani, na waliokiona wanakufa mmoja mmoja. Nishani hubaki ikisema kwa niaba yao. Basi swali la kwanza ambalo mtu mwenye akili huuliza juu ya shahidi ye yote ni kama shahidi huyo ni mkweli.

Katika michezo mingine swali hili halina uzito. Mwaka 1968, katika mji wa Mexico, Naftali Temu alishinda mbio za mita 10,000 na kuiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Siku chache baadaye Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1,500. Walitangulia kufika, na kila mwenye macho aliona. Saa haina ndugu wala jirani, haina nchi iliyozaliwa, wala haiogopi kelele za wenyeji. Lakini bondia hana saa ya kumtetea wala kamba ya kupimia. Ngumi hutua na kupotea, na kabla haijahesabiwa nyingine imekwisha kutua juu yake. Asipomwangusha mwenzake chini asiweze kuinuka, heshima yake yote imo mikononi mwa watu wachache walioketi kando ya ulingo, nao ni watu kama sisi: huchoka, hupepesa macho, hupenda na kuchukia. Kwa sababu hiyo ndondi hufaa kuliko michezo mingi kumfundisha mtu jinsi heshima ya dunia inavyotolewa.

Mwaka huo huo wa 1968, katika Mexico hiyo hiyo, alikuwapo kijana wa Kenya aliyeitwa Philip Waruinge. Alipigana katika uzani wa unyoya. Hakuwa mgeni wa ulingo: alikuwa amekwenda Tokyo mwaka 1964 na kurudi mikono mitupu, kisha akashinda dhahabu ya michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaika, mwaka 1966. Alipigana kwa ustadi na madaha. Katika nusu fainali alikutana na Antonio Roldán, mwana wa Mexico, mbele ya watu wa Mexico. Waamuzi walikuwa watano. Watatu walimpa Roldán ushindi, na wawili wakampa Waruinge. Kwa hesabu hiyo Waruinge alipata nishani ya shaba, ambayo ilikuwa nishani ya kwanza ya Olimpiki kuletwa Kenya na bondia.

Mambo hayakuishia hapo. Kuanzia michezo ya Olimpiki ya 1936 kilikuwa kikitolewa kikombe kiitwacho Val Barker kwa bondia aliyeonyesha ustadi kupita wenzake wa uzani wote. Aghalabu kikombe hicho kilimfuata mmoja wa wenye dhahabu. Mwaka 1968 alipewa Waruinge. Msomaji na alifikiri jambo hili polepole. Michezo ile ile, ulingo ule ule, mtu yule yule. Mkono mmoja wa wakuu wa ndondi ukamwambia kwamba katika uzani wake walikuwapo watu waliomzidi, na mkono wa pili ukamwambia kwamba katika mabondia wote wa dunia waliokusanyika pale hakuwapo wa kumpita kwa ustadi. Mashahidi wawili walipingana, na wote wawili walikuwa wametiwa mhuri.

Miaka minne baadaye, mjini Munich, Waruinge alifika fainali. Alikuwa amekwisha kushinda dhahabu ya pili ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970. Sasa alipambana na Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovieti. Waamuzi walikuwa watano tena, wakagawanyika tena, watatu kwa wawili, naye akapewa fedha. Mara mbili, basi, kama neno la mtu mmoja tu lingaligeuka, jina lake lingaliandikwa mahali pengine. Baadaye alikwenda Japani kupigana ndondi za kulipwa, na mwaka 1976 akagombea taji la dunia asilipate.

Ziko njia mbili za kuitazama hadithi hii. Wako wasemao kwamba Waruinge alidhulumiwa. Mimi sikuketi kando ya ulingo ule, wala sitasema hivyo. Watu watatu hawawi wezi kwa sababu tu wameona tofauti na watu wawili. Njia ya pili yanipendeza zaidi, nayo ni kutambua kwamba kushinda na kuwa bora ni mambo mawili. Huenda yakaandamana kama kivuli na mtu, na huenda yakaachana njiani. Kushinda ni jambo la siku moja na hutegemea nani alikukabili, nani alihukumu, na kama usiku ule ulilala usingizi. Ubora hukaa ndani ya mtu na huamka naye asubuhi ya pili. Nishani ya shaba ilisema habari za siku moja. Kikombe kilisema habari za mtu. Sioni haja ya kumfanya shahidi mmoja mwongo ili mwingine awe mkweli. Lakini nakiri kwamba ni rahisi kwangu kusema hivi. Si mimi niliyeshuka ulingoni nikisikia hesabu ya watatu kwa wawili mara ya pili.

Hapa yafaa tumkumbuke kidogo kijana mwingine. Cassius Clay, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Muhammad Ali, alishinda dhahabu mjini Roma mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 18. Alirudi kwao Louisville, katika jimbo la Kentucky, na nishani shingoni, akakuta mikahawa ya watu weupe ingali imefungwa kwa mtu mweusi. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1975 imeandikwa kwamba aliitupa nishani ile katika mto Ohio. Watu waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba aliipoteza tu. Lo lote lililo kweli, mwaka 1996 mjini Atlanta alipewa nyingine mahali pa ile. Je, ilikuwa nishani ile ile? Mfua fedha atasema la. Lakini hakuna aliyesema siku ile kwamba Ali amepewa kitu cha bandia. Nadhani hiyo yatosha kutuonyesha kwamba chuma hiki ni chombo tu cha kubebea neno, na neno likiwa la kweli chombo chaweza kubadilishwa.

Na neno lisipokuwa la kweli? Hapo ndipo penye shida, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Mwaka 1988 michezo ya Olimpiki ilifanyika Seoul, nchini Korea Kusini. Wakenya wanaikumbuka Seoul kwa furaha, kwa kuwa huko Robert Wangila alishinda dhahabu ya ndondi. Katika fainali alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa raundi ya pili, wala waamuzi hawakuwa na kazi ya kufanya ila kukunja karatasi zao. Ushindi wa namna hiyo hauna mabishano. (Wala nishani safi namna hiyo haikumkinga na mauti: mwaka 1994, akipigana ndondi za kulipwa Las Vegas, aliumia, akafa akiwa na miaka 26 tu. Mara nyingi nikisikia watu wakijisifia dhahabu yake huwaza kwamba dhahabu ingalipo na mwenyewe hayupo, na kwamba sisi ni wepesi wa kutunza kimoja kuliko kingine.)

Katika mashindano hayo hayo, uzani wa kilo 71, walikutana kwenye fainali Roy Jones wa Marekani, kijana wa miaka 19, na Park Si-hun, mwenyeji. Walipigana raundi tatu. Watu waliohesabu ngumi walipata 86 za Jones zilizotua na 32 za Park. Waamuzi watano walitoa hukumu: wawili, wa Urusi ya Kisovieti na wa Hungaria, walimpa Jones; watatu, wa Uruguai, wa Moroko na wa Uganda, jirani zetu, walimpa Park. Mkono wa Park ukainuliwa. Walioona wanasema uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeshinda. Jones alipewa fedha, na baada yake akapewa kikombe kile kile cha Val Barker alichopewa Waruinge miaka 20 kabla yake. Kelele zilikuwa nyingi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilichunguza, na mwaka 1997 ikasema haikuona ushahidi wa rushwa. Hukumu ikabaki kama ilivyokuwa. Namna ya kuhesabu ngumi ilikuwa imekwisha kubadilishwa kwa ajili ya michezo ya 1992, mitambo ikaingizwa, kana kwamba wakubwa walikiri kwa vitendo jambo wasilotaka kulikiri kwa maneno.

Vitabu vingi vya maadili hushughulika na mtu aliyenyimwa haki yake. Tunamfundisha subira, tunamwambia kwamba Mungu anaona. Jones hakuhitaji sana mafundisho hayo, maana alikwenda kwenye ndondi za kulipwa akatwaa mataji hata ya uzani wa juu mwaka 2003. Ni mara chache tunapomfikiria mtu wa pili, aliyepewa zaidi ya haki yake. Huyo hana wa kumlilia. Akilalamika ataonekana mwenda wazimu, na akinyamaza ataonekana mwizi. Park hakupigana tena katika mashindano. Akawa mwalimu na mkufunzi wa ndondi, akaishi na huzuni nyingi, na katika miaka ya baadaye alieleza kwamba kama mkono wake usingaliinuliwa siku ile, akapata fedha yake, angaliishi kwa raha zaidi.

Je, Park alikuwa na wajibu gani? Mwanasheria atajibu upesi kwamba hakuwa na wajibu wo wote. Hakutoa rushwa, hakuandika karatasi za waamuzi, hakuinua mkono wake mwenyewe. Mchezo una sheria, na sheria inasema mshindi ni yule aliyetangazwa na waamuzi. Kama kila mchezaji angalikuwa na ruhusa ya kuigeuza hukumu kwa hisia za moyo wake, pasingalikuwa na mchezo. Leo Park angalirudisha dhahabu kwa unyofu, na kesho mtu mwingine angalidai dhahabu kwa kiburi. Hoja hii si ya kudharauliwa. Hukumu mbaya inayokubaliwa mara nyingi huleta amani kuliko hukumu njema inayobishaniwa daima. Tena palikuwa na nchi nzima nyuma yake, iliyompigia makofi, na mtu mmoja hawezi kwa urahisi kuliambia taifa lake kwamba furaha yake ni ya bure.

Hata hivyo hoja hii yanisumbua. Tuseme mbuzi wa jirani ameingia zizini mwako usiku wa mvua. Hukumwita, hukumfungulia lango, wala hukuwa macho. Usiku ule wewe si mwizi, na hakuna baraza la wazee litakalokutoza faini. Kukikucha unaona alama ya jirani katika sikio la mbuzi. Sasa je? Hujafanya jambo jipya. Mkono wako haujagusa cho chote. Ila umejua. Na tangu kujua, kila siku inayopita mbuzi akila majani ya shamba lako, kutotenda kwako kunageuka kidogo kidogo kuwa tendo. Ikiwa mwenye kijiji amepita na kusema mbele ya watu kwamba mbuzi ni wako, neno lake litakukinga na faini. Sioni jinsi litakavyoifuta alama ya sikio.

Mtu atasema: mbuzi hurudishwa kwa kamba, lakini heshima hairudishwi. Hilo ni kweli, na ndilo lililonifanya nifikiri sana. Kama Jones alikuwa bora usiku ule wa Seoul, ubora wake ulikuwa wake tangu saa ile. Hakuna aliyemnyang'anya, na kwa hiyo hakuna awezaye kumrudishia. Na kama Park hakuwa na heshima ile, angewezaje kumpa mwenziwe kitu asichokuwa nacho? Kwa hesabu hii, kurudisha nishani kungekuwa mchezo wa kuigiza tu, kipande cha fedha iliyopakwa dhahabu kikihama kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Nilishawishika na hoja hiyo kwa muda, mpaka nilipokumbuka tulichosema mwanzo: nishani ni ushahidi. Katika pambano la ndondi kuna mashahidi wa namna nyingi. Wako maelfu viwanjani, ambao huona wanachopenda. Wako waamuzi watano, ambao huona kutoka upande mmoja na bega la bondia likiwaziba. Na yuko mmoja tu ambaye hakukosa ngumi hata moja, kwa sababu zote zilitua juu ya mwili wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waamuzi wa Seoul walihukumu habari za kitanda wakiwa wameketi kitini. Aliyekilalia alikuwa Park. Ni yeye tu aliyejua ngumi ipi ilikuwa nzito na ipi ilikuwa kelele, lini aliona giza, lini alipata hofu. Neno lake ni ushahidi ambao hakuna kamati iwezayo kuupata kwa kuchunguza karatasi. Kwa hiyo kitu alichokuwa nacho cha kumpa Jones hakikuwa heshima. Kilikuwa ni ushahidi wake, na huo haukuweza kutolewa na mtu mwingine ye yote duniani.

Mtaniuliza kwa nini hakuutoa mapema, maana miaka mingi ilipita. Siwezi kumsimamia mizani juu ya jambo hilo. Kuna ukweli ambao mtu hawezi kuusema akiwa kijana kwa sababu ungemvunja, na anapokuwa mzee hawezi kuacha kuusema kwa sababu hiyo hiyo. Mimi mwenyewe ninayo madogo ya kurudisha ambayo sijayarudisha, wala hayakunigharimu hata robo ya yaliyomgharimu yeye. Na wewe msomaji, kama umefika kidato cha pili bila kupewa alama ya mwalimu aliyekosea kujumlisha, ukaificha karatasi chini ya daftari ukamtazama jirani yako aliyepata kidogo, basi u mtu wa nadra.

Mwaka 2023 Park Si-hun alisafiri mpaka Pensacola, katika jimbo la Florida, nyumbani kwa Roy Jones. Nywele za wote wawili zilikuwa zimeanza mvi. Mwanawe Park alikuwa pamoja naye kumfasiria maneno. Alimwambia Jones kwamba nishani hii ni yake na kwamba amekuja kumrudishia, akaitoa akampa. Jones, mtu wa mataji mengi, ambaye angaliweza kununua dhahabu ya uzani ule mara elfu, alishindwa kuyazuia machozi.

Hapakuwa na waamuzi chumbani, wala bendera, wala wimbo wa taifa. Kamati ya Olimpiki haikuandika neno. Katika vitabu vyake jina la Park lingali juu, na jina la Jones lingali chini yake, na atakayevifungua miaka 100 baada ya leo atasoma hivyo hivyo. Nishani yenyewe i Pensacola.